Chakula cha kuletewa kazini kwa mgonjwa wa soriasisi ya viungo: miezi saba na mama wa Magomeni

Kontena la kwanza alilonitumia huyu mama nilishindwa kulifungua. Ni yale ya plastiki yenye mfuniko unaobana pande nne, mwenye vidole vizima anabonyeza tu limefunguka, ila mi siku hiyo kidole gumba cha kulia na cha pete vilikuwa vimefura toka mzizi mpaka ncha, vimejaa kama soseji, ngozi inang'aa, nikajaribu kwa meno, nikajaribu kwa ncha ya mkasi, mwisho nikamwita binti tunayeshona naye anifungulie na chakula kilikuwa kimeshapoa. Jioni nikampigia mama nikamweleza, wala sikumlaumu manake hakujua. Kesho yake chakula kikaja kwenye bakuli la bati limefunikwa sahani, juu limefungwa kitambaa kwa fundo moja la kuvuta. Huu ni mwezi wa saba toka nianze naye na kinakuja hivo hivo. Yaani ningekuwa natoa nyota ningempa zote kwa lile fundo kabla hata sijaonja.

Sasa huduma yenyewe. Ni mama mtu mzima, anapikia nyumbani kwake Magomeni, hana mgahawa wala bango, ana wateja kama 20 wengi wako Kariakoo na Posta, chakula kinatoka kwake saa tano na nusu kwa boda na mimi kinanikuta Kariakoo kabla ya adhuhuri. Jina na namba siweki, alishaniambia masufuria yake yamefika mwisho na mteja mpya hapokei, ila naandika kwa sababu naamini kila mtaa una mama wa namna hii na ukijua cha kumwomba utapikiwa. Bei ni 6,000 kwa siku na boda humo humo, unalipa Jumamosi kwa simu hela ya wiki nzima, elfu thelathini, Jumapili jioni anatuma voisi ya menyu na we unamjibu unataka nini kipungue. Kwa mama ntilie wa kawaida hapa tulipo ningekula kwa 4,000, kwa hiyo kwa wiki naongeza kama elfu kumi. Kwa fundi cherehani elfu kumi siyo hela ndogo, nimeipigia hesabu mara nyingi na kila mara najikuta nalipa.

Niwaeleze na ugonjwa manake wengi hawaujui. Nina miaka 41. Ngozi ilianza nikiwa na 27, kwenye viwiko na kichwani nyuma ya masikio, magamba meupe ukiyabandua panatoa vitone vya damu. Nikaambiwa mba, nikaambiwa fangasi, nikaambiwa pumu ya ngozi, kila mmoja na tyubu yake. Mwaka 2021 kucha zikaanza kuwa na vishimo vidogo vidogo kama mtu amezidungadunga kwa sindano, kisigino asubuhi hakikanyagiki, vidole vikafura. Zahanati moja wakanipima yuriki asidi ikaonekana imepanda kidogo basi nikapewa jina la gauti, yaani ugonjwa wa jointi unaoletwa na hiyo yuriki asidi, acha nyama, acha maharage, acha dagaa, acha samaki. Mwaka mzima nikala wali mchicha na chai na maandazi, nikanenepa kilo 11 na vidole vikabaki vile vile. Aliyekuja kutazama kucha, kiwiko na kisigino kwa pamoja ni daktari wa ngozi, 2022, akasema mama hii ni soriasisi imeingia kwenye viungo, kinga ya mwili yenyewe ndo inashambulia jointi na pale kano za misuli zinapojishika kwenye mfupa, na yuriki asidi kupanda kidogo kwa mtu wa soriasisi hutokea sana bila ya kuwa gauti. Nalisisitiza hili kwa sababu kwetu ukivimba jointi tu ushaitwa mtu wa gauti, na kile kipimo cha damu cha baridi yabisi kwa sisi mara nyingi kinakuja safi, unarudishwa nyumbani na panado. Inakadiriwa katika watu 100 wenye soriasisi ya ngozi mpaka 30 wanaweza kupata ya viungo, na kawaida ngozi inatangulia, mara nyingi kwa miaka kama kumi. Kama una magamba na asubuhi mwili unakuwa mgumu zaidi ya nusu saa ndo ulegee, usikae nalo nyumbani, nenda na mwonyeshe daktari na kucha zako.

Turudi kwa mama. Siku ya kwanza nampigia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza hali yangu na kwamba daktari ameniambia nipunguze uzito, nilikuwa na kilo 94 na mimi ni mfupi, na nipunguze sukari na vya kukaanga, niongeze samaki na mboga. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna mgahawa ulishaniuliza: "Mwanangu, asubuhi unakula nini na usiku unakula nini? Nisije nikakupikia mchana vizuri usiku ukabomoa." Nikamwambia ukweli, asubuhi chapati mbili na chai ya sukari vijiko vitatu, usiku chipsi nikiwa nimechoka. Hakunisema. Akasema basi mchana mi nakushibisha ili usiku usiwe na njaa ya chipsi, ya asubuhi utajua mwenyewe. Na kweli amenishibisha, manake sahani yake nusu nzima ni majani, matembele au mchicha au kisamvu au mlenda, ugali wa dona wa kiasi cha ngumi yangu, wali akipika anapima kwa kikombe cha chai kimoja kilichosawazishwa, si cha kujaza kilima. Kunde au choroko karibu kila siku. Soda hauzi kabisa, ukitaka kinywaji anakuwekea maji ya ndimu yasiyo na sukari, na hili watu wasilichukulie poa, soda nyingi za kawaida zina sukari karibu gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa moja ya mchana ishakula hesabu yako yote ya siku.

Vibua wake ndo nataka niwaelezee vizuri. Anawachana mbavuni mara tatu kila upande, anawapaka tangawizi, kitunguu saumu, manjano, ndimu na chumvi kidogo mno, anawafunga kwenye jani la mgomba na kuwaweka juu ya jiko la mkaa, tone la mafuta haongezi kwa sababu kibua ana mafuta yake mwenyewe. Ukifungua lile jani ngozi ya samaki inabaki imeng'ang'ania kwenye jani na nyama inatoka yenyewe, mafuta ya samaki yameshuka yamelowesha ugali upande mmoja, na harufu ni ya jani la kuungua na ndimu. Mfupa wa kati anakuwa ameshauchomoa, hilo alianza mwenyewe baada ya kuniona nimeenda kwake siku moja nimefungwa bandeji ya kidole. Mi kwetu Tanga samaki nimekula toka naota meno na nasema huyu anapika.

Kuhusu samaki na ugonjwa niseme nilichosoma nisije nikampa mtu matumaini ya uongo. Denmark walifanya utafiti kwa watu 145 wenye soriasisi ya viungo, wiki 24, nusu wakapewa omega 3 ya samaki gramu 3 kwa siku. Uvimbe wa jointi haukupishana sana na waliopewa mafuta mengine, ila waliopewa ya samaki walipunguza vidonge vya maumivu. Nadhani ni hilo hilo lililonipata mimi. Zamani diklofenaki nilimeza karibu kila siku, sasa hivi kwa wiki labda mara moja, na tumbo langu limepumzika. Na kibua, dagaa na jodari ndo wana hayo mafuta, na bei yake huwezi kuifananisha na vile vichupa vya vidonge vya omega vinavyouzwa maduka ya dawa. Ila kama wewe una gauti ya kweli iliyothibitishwa dagaa wengi watakuletea shida, muulize daktari wako kwanza.

Kikubwa hasa kwa mtu mnene kama nilivyokuwa ni uzito. National Psoriasis Foundation ya Marekani mwaka 2018 bodi yake ya madaktari ilipitia tafiti za chakula na soriasisi, na jambo walilolikazia kuliko yote ni kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi. Italia nao 2014 waliona wagonjwa wa soriasisi ya viungo waliopunguza asilimia 5 au zaidi ya uzito wao, huku wakiwa kwenye dawa, walitulia vizuri kuliko ambao hawakupunguza. Sweden waliwawekea watu mlo wa kalori 640 tu kwa siku kwa wiki 12 mpaka 16, walipungua sana na ugonjwa ukapungua pia, lakini hiyo ni ya hospitali chini ya macho ya wataalamu, usijaribu nyumbani mama yangu utaanguka. Mi nimetoka 94 nikafika 86 kwa miezi saba, ni polepole, miezi miwili ya katikati mzani haukusogea kabisa nikalia, lakini asilimia 5 nimeshaivuka. Asubuhi ugumu wa mwili ulikuwa saa moja na nusu, saivi dakika 25 au 30 nimeshainuka. Wiki iliyopita nimetunga uzi kwenye sindano ya mkono mwenyewe, ile nyembamba ya kutia shanga, bila kumwita binti.

Sasa kasoro, manake zipo. Dagaa wake mara mbili nimewakuta na mchanga, yaani unatafuna unasikia krrr kwenye meno, chakula chote kinakutoka hamu. Mara ya kwanza nikanyamaza, mara ya pili nikampigia, akasema siku hizo aliosha msaidizi wake na maji yalikuwa ya shida mtaani, tangu hapo anawatoa vichwa anawaloweka maji ya moto na kuwaosha mara tatu na mchanga sijauona tena. Mwezi wa kwanza chumvi ilikuwa nyingi, nikamwambia, ikapungua, ila ukinyamaza inarudi. Masika boda alichelewa wiki nzima, siku moja kimefika saa nane na mi nilikuwa nimeshanunua mihogo ya kukaanga barabarani kwa njaa, nikakasirika kweli, hela nimelipa na mpango wa siku umeharibika. Alinirudishia siku moja bila mimi kudai. Na kingine menyu yake haitofautiani sana, ukifika mwezi wa nne unaijua Jumatatu mpaka Ijumaa kama sala, mtu anayechoka haraka itamsumbua.

Tulishabishana pia. Mi niliingia nikiwa na orodha niliyookota sehemu, hakuna nyanya, hakuna bilinganya, hakuna viazi mviringo, hakuna pilipili hoho, eti zinavimbisha jointi. Mama akaniuliza mchuzi bila nyanya nauungaje. Nikamuuliza daktari akaniambia ushahidi wa maana wa hilo haupo, kama mwenyewe unaona kitu kinakuwasha acha wiki tatu kisha rudisha uone, siyo kufuta mboga zote. Nikaacha nyanya wiki tatu, sikuona tofauti yoyote, nikarudisha. Ngano nako hivo hivo, wapo wanaosema gluteni, ile protini ya kwenye ngano, ndo mchawi, lakini ule mwongozo wa Marekani unasema kuiacha ni kwa aliyepimwa damu akaonekana ana shida nayo. Mi chapati nimepunguza kwa ajili ya mafuta na uzito, nakula moja Jumapili na watoto na nafsi yangu imetulia. Manjano yake napenda kwenye samaki, kwamba yanaponya sijaona na wala mama hajawahi kuniambia hivo, na hapo ndo namheshimu.

Ijumaa ni siku yangu mbaya. Alhamisi usiku nameza metotreksati, dawa yangu ya hospitali ya kutuliza kinga ya mwili, vidonge sita vya miligramu 2.5, mara moja tu kwa wiki, jamani narudia mara moja kwa wiki, hii dawa ukiimeza kila siku kwa kukosea inaua, na foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara yake, nameza Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa naamka na kichefuchefu, na Ijumaa ndo wateja wenzangu wote wanaletewa pilau, bakuli langu lilikuwa linakuja limenuka pilau la jirani kwenye kikapu na mi nafunika pua kwa kanga. Nikamwambia. Sasa Ijumaa ananitumia chupa ya chai peke yake yenye uji wa ulezi wenye tangawizi, na mtori kidogo wa ndizi mshare bila mafuta juu, na anamwambia boda aitundike upande mwingine mbali na mapilau. Nakunywa kidogo kidogo mpaka alasiri. Kabla ya hapo Ijumaa nilikuwa sili kitu, jioni nina njaa nafagia sufuria.

Ramadhani iliniogopesha kidogo, nilimuuliza daktari kwanza nikaruhusiwa kufunga, metotreksati naimeza usiku hata hivyo na diklofenaki nikaambiwa nisiimeze tumbo likiwa tupu. Upo utafiti wa 2019 wa wagonjwa 37 wa soriasisi ya viungo waliofunga Ramadhani, vidole vya kuvimba na maumivu ya visigino yalipungua mwisho wa mwezi, ni watu wachache na hawakulinganishwa na wasiofunga, kwa hiyo siwezi kusema funga ni dawa. Ninachojua ni futari ndo inayotubomoa, kaimati za shira, tambi za sukari, sambusa, viazi vya nazi nzito. Mama alinitengenezea futari yangu, tende tatu, uji wa pilipili manga, muhogo wa kuchemsha na samaki wa kuchoma, kwa 7,000, nikamaliza mwezi nimepungua kilo moja na nusu badala ya kuongeza.

La mwisho na linaniuma. Kabla ya huyu mama nilipita kwa muuza virutubisho mmoja, duka zuri lina kiyoyozi, akanishika mkono akaniwekea kifaa akaniambia damu yako chafu, makopo mawili 85,000 kila moja, kula haya na za hospitali acha zinakuua ini. Nilikuwa nimechoka na kichefuchefu nikamwamini. Wiki ya tano goti la kushoto likajaa maji, ngozi ikalipuka mpaka mgongoni, nikashindwa kukanyaga pedeli ya cherehani na wateja wa harusi wakachukua vitambaa vyao. Kurudi kwenye dawa na kutulia tena ilichukua miezi. Ini ni kweli linapimwa ukiwa kwenye metotreksati, ndo maana natoa damu kila baada ya miezi mitatu na pombe marufuku, na ndo maana pia kumimina vidonge usivyovijua juu yake ni hatari. Huyu mama wa Magomeni siku ya kwanza aliniuliza, "Dawa za hospitali unakula?" Nikamwambia ndio. Akasema basi sawa, mi napika tu. Akiona Alhamisi sijajibu voisi yake anapiga kuniuliza nimemeza.

Kwa hiyo kama unatafuta mtu wa kukupikia, muulize mambo haya: wanga anaupima kwa kipimo gani, samaki anachoma au anakaanga, chumvi atapunguza ukimwambia, dagaa anaosha mara ngapi, na vyombo vyake unaweza kuvifungua kwa mkono unaouma. Ukipata wa kukujibu hayo bila kununa mshike. Jumapili hii ametuma voisi kwamba kuanzia mwezi ujao itakuwa 6,500, mkaa umepanda, nimemjibu sawa mama ila Jumatano nipe jodari badala ya dagaa, amesema jodari akipatikana soko la samaki la Feri kwa bei ya kueleweka ataniwekea, asipopatikana ni kibua.